Maswali na majibu: Deni halina meno, lakini moyo unakimbia

Barua za safari hii nyingi ni za mazoezi na mawazo, na nusu yake zina neno "sumu". Zilizouliza chai ya kukata tumbo nimezitupa, na zitakazofuata nitazitupa pia.

Mwalimu, kila Ijumaa naenda sauna kutoa sumu. Siku hizi jasho linatoka kidogo. Sumu imekwisha au imekwama? (Najjera)

Haikuwamo. Jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kukupoza. Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, nazo hazingoji Ijumaa. Ile kilo unayoiacha mle ndani ni maji, na utairudisha kwa soda ya kwanza. Hukuniuliza, lakini nakwambia: wanaoingia sauna wakitoka kunywa waragi wanacheza na roho zao. Pombe inalegeza mishipa, joto linailegeza zaidi, presha inashuka, na mtu anaanguka kichwa kwenye sementi.

Asalaam aleikum, Mwalimu. Naendesha boda hapa Jinja. Nina mkopo wa pikipiki, na kila simu ikilia moyo unadunda na viganja vinatoka jasho. Nimepima sukari asubuhi kabla ya chai ikaja 6.6. Mimi si mnene, na kwetu hakuna mwenye sukari. Mawazo yanaweza kuleta sukari?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kuipandisha, yanaweza.

Simu ikilia na wewe ukajua ni nani, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo unaenda mbio, ini linafungua ghala lake na kuachia sukari kwenye damu. Dakika chache baadaye inafuata homoni nyingine, kotisoli. Hiyo inahakikisha sukari haikatiki: inaliamuru ini litengeneze nyingine, hata kwa kuvunja misuli yako, na insulini, inayoingiza sukari misulini, ikipiga hodi haifunguliwi haraka.

Kama unafukuzwa na mbwa, mpango huu ni mzuri sana. Unakimbia, misuli inaila ile sukari, unafika nyumbani unatweta na mambo yanatulia. Sasa wewe hukimbii. Umekaa juu ya pikipiki pale steji, miguu imetulia, sukari inazunguka haina pa kwenda, na kabla haijashuka simu inalia tena. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, alieleza kilichowapata panya wake. Kuna aliowatesa kwa baridi, kuna aliowajeruhi, kuna aliowalazimisha kufanya kazi ya misuli kupita kiasi. Wote waliishia pamoja: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya kinga iliyo kifuani imesinyaa, tumbo lina vidonda. Mwili ulipokea kila taabu kwa namna ileile, na deni linapokewa hivyo hivyo.

Ya kufanya. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kusubiri insulini, na baada ya hapo huendelea kuipokea insulini vizuri kwa siku nzima au zaidi. Ukimaliza chakula cha mchana mwachie mwenzako pikipiki, tembea dakika 20 kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Kile kinywaji cha chupa cha "kuongeza nguvu" mnachokunywa asubuhi badala ya chai, kiache: ni sukari na kafeini, na kafeini inazichokoza zilezile tezi. Hiyo 6.6 iko juu ya kawaida lakini bado si kisukari. Rudia kipimo. Ikifika 7.0 mara mbili, usiseme tena ni mawazo, anza kliniki. Na wembamba usikudanganye, kisukari cha watu wembamba kipo tele hapa kwetu.

Halafu nenda kwa huyo anayekudai, ukiwa na mzee mmoja wa kukushuhudia, mpange malipo upya. Nasema hivi kwa sababu najua kuna mtu atakuuzia mizizi ya kushusha sukari, na mizizi hailipi deni.

Siku mbili baada ya squats mapaja hayakunji, kushuka ngazi ni kilio. Hiyo asidi ya laktiki nitaiondoaje? (Mbale)

Ilishaondoka yenyewe siku ileile, ndani ya saa moja hivi. Yanayouma ni mapasuko madogo ya misuli yanayojiunga. Nimelijibu hili mpaka nimechoka, jamani.

Mwalimu, nina miaka 24. Tangu nianze kukimbia saa kumi na moja alfajiri na kuacha vyakula vya wanga, sijaona siku zangu miezi minne. Mwalimu wa jimu anasema ndiyo dalili mwili umekuwa wa kimichezo. (Dada wa Ntinda)

Huyo akurudishie ada yako. Kwanza pima mimba, usinicheke. Kama haipo, basi chakula unachoingiza hakitoshi kazi unayoifanya. Ubongo ukipata habari ya njaa unapunguza amri zake kwa ovari, homoni ya kike, estrojeni, inashuka, na mifupa inaanza kupungua bila wewe kusikia chochote. Unayoijenga sasa ndiyo utakayoiegemea ukiwa na miaka 60. Rudisha matoke, viazi na kalo kwenye sahani, punguza mbio, muone daktari wa wanawake mwezi huu. Na nikuulize: anayeamka saa kumi na moja kukimbia alilala saa ngapi? Kama ni saa sita usiku, unaongeza taabu juu ya taabu na kuiita afya.

Kuna vidonge vya kushusha kotisoli vinatangazwa WhatsApp. Vinafaa? (Hoima)

Hapana. Kotisoli ndiyo inayopanda alfajiri ukaamka, ikashuka kufikia usiku. Asiyekuwa nayo kabisa hufa.

Linalonitisha ni vile vidonge vingine, vya kunenepesha, vinavyouzwa kwa kuhesabu ndani ya kikaratasi kisicho na jina. Mara nyingi ni deksamethasoni, dawa ya ukoo mmoja na kotisoli ila kali kama mara 25. Mashavu yanajaa, majirani wanakusifu umependeza. Ndani, sukari na presha zinapanda, ngozi ya tumbo inachanika mistari, na tezi zako zikiona kidonge kimeshika kazi yao zinalala. Ukikiacha ghafla unaweza kuzimia na usiamke. Kwa hiyo aliyekwisha kuvimeza wiki kadhaa asiviache peke yake. Aende hospitali na kikaratasi chake, apunguziwe kidogo kidogo.

Nafundisha mbio shule ya msingi Kapchorwa. Watoto wanatapika kabla ya mashindano, mmoja alitoka kwa kasi akaanguka katikati. Niwape glukosi ya kopo?

Glukosi haitibu woga. Adrenalini inaondoa damu tumboni na kuipeleka misulini, chakula kinabaki juu. Wape chakula masaa matatu kabla ya mbio, basi.

Kuhusu aliyeanguka, wewe ni mtu wa Sebei, unakumbuka Kololo, Kampala, Machi 2017. Mkimbiaji Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia mbele ya umati wa nyumbani, na mzunguko wa mwisho miguu ikamkatalia, akamaliza wa 30. Agosti mwaka huohuo alichukua medali ya fedha ya mita 10,000 London, na 2020 akaweka rekodi ya dunia Valencia, 26:11.00. Mtu ni yuleyule. Adrenalini huficha uchovu tu, haiongezi akiba. Wafundishe kuanza polepole kuliko wanavyotaka. Na fimbo ya anayeshika mkia, mwalimu mwenzangu, iache. Unamwongezea kilekile kinachomtapisha.

Nilikimbia kilomita 21 Jumapili, Jumatatu nikapimwa damu ya kazi. Wameniambia ini limeharibika. Sinywi pombe. (Arua)

Vimeng'enya walivyopima, AST na ALT, havikai kwenye ini peke yake, vipo pia kwenye misuli, na misuli yako ilikuwa imetoka kusagwa. Pumzika wiki nzima bila mbio, rudia, na uombe wapime na CK, ambayo itasema kama ni misuli. Ila kwa kuwa unaishi upande huo, pima homa ya ini B vilevile. Kaskazini tunayo nyingi, na ikiwa huna, kachanje. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama kola baada ya mbio, usingoje majibu ya maabara wala kesho: hiyo ni misuli inayeyukia kwenye figo, na unatakiwa uwe hospitali usiku huohuo.