"Mauzo mafupi" yanayochukua miezi

SWALI: Mwalimu, nahariri makala kuhusu soko la nyumba la Marekani baada ya mporomoko wa 2008. Mwandishi ametumia "mauzo mafupi" na "nyumba zilizotaifishwa na benki". Niyaache?

JIBU: Usiyaache, hasa hilo la kwanza. Neno la Kiingereza "short" (la "short sale"), lililogeuzwa kuwa "fupi", hapa halipimi urefu wala muda. Linasema kupelea. Mtu anadaiwa na benki dola 200,000 za mkopo wa nyumba, bei zimeshuka, na mnunuzi aliyepatikana anatoa 160,000. Benki ikiridhia iuzwe hivyo hivyo, bei imepelea 40,000. Ridhaa yenyewe huweza kusubiriwa miezi, kwa hiyo kuyaita mauzo hayo mafupi ni kama kejeli.

Nilijaribu "-pungufu" nikaiacha: ikifuata ngeli tunapata "mauzo mapungufu", na msomaji atasikia kasoro. Ningeandika "mauzo chini ya deni", na mara ya kwanza niongeze "kwa ridhaa ya benki".

Angalia pia makala inasemaje kuhusu zile 40,000. Deni likisamehewa, mdaiwa yuko huru. Likifutwa, huenda limeondolewa kwenye vitabu vya benki tu, naye bado anadaiwa. Mwulize mwandishi alikusudia lipi, maana kwa mwenye nyumba tofauti hiyo si ya lugha tu.

Kutaifisha kumetokana na taifa. Ni kazi ya serikali. Benki hutwaa. Wala usikimbilie "kufilisi": anayefilisiwa ni mtu au kampuni, si nyumba.

Na "zilizopigwa mnada"? Ndivyo tusemavyo kila siku, ila tukisikia nyumba imepigwa mnada tunaelewa imeshapata mwenyewe mpya. Hizi za makala yako kwa kawaida zilinadiwa, zikakosa mtu wa kufika bei, zikabaki kwa benki, ambayo sasa inazitafutia wanunuzi. Ukiandika "nyumba za benki" bila maelezo, mwingine atadhani ni makazi ya mameneja. Andika "nyumba zilizobaki mikononi mwa benki baada ya mnada". Kwenye kichwa cha habari haitaenea. Huko "nyumba zilizotwaliwa na benki" inatosha.