Muulize Fundi: Pikapu ya marehemu baba

Assalaam alaykum Fundi. Nimeona kwenye simu ile Mazda 787B, gari ya mbio ya mwaka 1991, ikinguruma tena Le Mans, kule Ufaransa kwenye mbio za saa 24, baada ya miaka 20. Mimi nimeachiwa na marehemu baba pikapu ya Mazda ya petroli, imelala karibu na pwani miaka mingi. Vijana wanataka tutie betri mpya tuisukume. Niwasikilize?
Msomaji, Wete, Pemba

Waalaykum salaam mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Usikubali isukumwe! Injini iliyokauka oili ukiilazimisha, ringi za pistoni zinachana silinda.

Hiyo 787B naipenda mno. Nambari 55, rangi ya chungwa na kijani, ilizunguka mara 362 kwa saa 24, ikawa gari ya kwanza ya Kijapani kushinda Le Mans. Waliipokezana Volker Weidler, Bertrand Gachot na Johnny Herbert. Herbert ndiye aliyemalizia, akashuka mwili umekauka maji hata wenzake wakapanda jukwaani bila yeye. Injini ya gari hiyo haina pistoni wala vali: ni rota nne za pembetatu zinazozunguka, kila ncha ina sili ya kauri, yaani kizibo cha kuzuia mvujo. Sili zikivuja, nguvu yote imekwenda.

Baada ya mbio Mazda waliifungua injini ile wakaikuta safi. Hata hivyo, kabla ya kuirudisha Le Mans mwaka 2011, ambako Herbert mwenyewe aliiendesha, waliifungua tena. Na ilikuwa imetunzwa ndani, Hiroshima, si kwenye upepo wa chumvi wa Wete.

Yako ina pistoni, kwa hiyo toa plagi zote, tia oili kidogo kila tundu, iache ilale. Asubuhi shika spana, zungusha kranki, shafti kuu ya injini, kwa mkono, taratibu. Ikigoma, usiilazimishe. Ita fundi afungue silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na petroli yote ya tangi, maana imeshageuka gundi.

Kisha lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chasisi kuanzia nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kubonyea. Paipu za breki badilisha zote, hata zikionekana nzima kwa nje. Rangi isubiri.