Mzigo wa duka: Mlimani City au Kariakoo?

Dada wa Mikindani, umeuliza kama inafaa kusafiri hadi Mlimani City, jengo la maduka la Dar es Salaam, kununua nguo za watoto za kuuza dukani kwako. Kwa mzigo wa biashara, sikushauri. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 2006, katika ardhi iliyokodishwa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwanzo lilimlenga mnunuzi wa rejareja. Mimi nililipa nauli kujifunza hilo: gauni nililoliona huko nyuma ya kioo, likiwa na lebo ya bei iliyonitoa jasho, nililikuta Kariakoo, Mtaa wa Kongo, limefungwa kwa dazeni na kamba ya katani, kwa bei ya jumla. Ukishanunua, funga mzigo kwenye salfeti, andika jina na simu yako kwa kalamu nene pande zote mbili, kisha udai stakabadhi ya basi kabla hujaukabidhi, ili uupokee Mtwara bila mabishano. Mlimani City nenda jioni, ukapumzike.