Wewe unaetaka bunduki ya samaki, hiyo arbuni usitume

Ndugu yangu wa Mtwapa, simama hapo hapo. Nimesoma swali lako lote. Umesema wataka kuanza kuwinda, huna uzoefu, hujui uanzie msituni huko Kinango na mbwa wa shemeji yako ama uanzie baharini, umepata mtu anakuuzia bunduki ya samaki, ile ya kurusha mkuki majini, na suti ya kuzamia na mapezi kwa 35,000, na amekwambia utume nusu leo leo kwa sababu kuna mteja mwengine anaifuata. Ukauliza na habari ya pumzi, mapezi, mahali pazuri na samaki gani rahisi kwa mgeni. Wote waliojibu juu yangu wamekwambia karibu sana kwenye mchezo. Mie sikukaribishi. Usitume hata shilingi moja.

Ya msituni tuimalize haraka maana haina maneno mengi. Kenya uwindaji ulifungwa 1977, Mzee Kenyatta mwenyewe yu hai, mwaka uliofuata ikafungwa na biashara ya pembe na ngozi, halafu sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaja kukaza zaidi. Na si ndovu na simba peke yao, hata paa mmoja wa kitoweo. Hakuna leseni ya kununua, na huyo shemeji yako akikwambia "sisi huku huwa twawinda tu" muulize na dhamana atakutolea nani. Tanzania ndio uwindaji upo, wa vibali, na msimu wake huanza Julai, lakini usianze kuota kuvuka mpaka wa Lungalunga na silaha kwenye buti la probox. Basi, msitu umekwisha. Twende baharini, ambako ndiko mie nilikoliwa.

Bunduki ya samaki hapa Kenya ni marufuku. Narudia kwa sababu najua utaisoma hii huku unaangalia ile picha aliyokutumia: ni ma-ru-fu-ku. Kwa sheria zetu za uvuvi iko kundi moja na juya la kukokota. Haijalishi ni ya mpira au ya upepo, ya Italia au ya China, haijalishi wawinda cha kula nyumbani ama cha kuuza Kongowea. Na kwamba inauzwa hadharani kwenye simu isikudanganye, mitandaoni kwauzwa hata viwanja vilivyoko chini ya maji.

Mie hayo sikuambiwa. Ama tuseme sikuuliza, lakini wacha kwanza nimalizie hasira zangu kwa alieniuzia, mie nitajihukumu baadae.

Jamaa alikuwa na ukurasa umejaa picha za watu wameshika kolekole wakubwa, wanacheka, nyuma bahari ya buluu. Kila nikiuliza swali anajibu papo hapo, "bro", "mkuu", "usijali". Nikamuuliza leseni je? Akanambia leseni iko ndani ya bei. Sasa mtu mzima na akili zangu, nilienunua gari na kiwanja, nikakubali kwamba leseni ya serikali yaweza kuja ndani ya boksi pamoja na miwani ya kuzamia! Nikatuma 64,000. Bunduki, suti, mapezi, mkanda wa risasi za kuzamia, kisu cha kufunga mguuni ati kama papa atanijia. Na kweli vikaja, siwezi kusema hakuleta mzigo. Ndani mna karatasi ina mhuri wa duara, imeandikwa kibali cha uvuvi wa michezo, jina langu limekosewa herufi mbili. Nikaikunja vizuri nikaitia kwenye mfuko wa plastiki isirowe. Yaani niliitunza ile karatasi kuliko cheti cha ndoa.

Suti yenyewe sasa. Unene milimita tano. Wewe umezaliwa pwani, wayajua maji yetu, wakati wa kaskazi mtu akiingia baharini ni sawa na kuoga maji ya moto. Milimita tano ni ya watu wa Cape Town huko kwenye maji ya barafu. Nimeivaa nyumbani, nikaendesha mpaka Nyali nimeivaa kwa sababu niliona aibu kubadilisha nguo ufuoni, kufika naona nyota. Nikaingia majini hivo hivo, Jumamosi asubuhi, watu wamejaa, ngamia wapita, na mie nimebeba chuma chenye ncha urefu wa mkono.

Hapo nikafanya kosa juu ya kosa bila kujua. Ile bahari ya mbele ya Nyali na Bamburi, sehemu yake ni hifadhi ya bahari ya Mombasa, ilitangazwa tangu 1986, na ndani ya ile sehemu ya paki hakuvuliwi kitu chochote, si kwa bunduki, si kwa mshipi, hata kombe la kuweka mezani huchukui. Pembeni yake ndio kuna rizavu, na huko nako ni uvuvi wa kienyeji tu ndio unaoruhusiwa. Majini hakuna ukuta. Mie nilikuwa naelea pale najiona mwanamume, namfata pono mmoja ambae hata hakuhangaika kukimbia, na sasa najua kwa nini hakuhangaika, alikuwa kwake.

Sikumpata. Nilitoka mikono mitupu na ndio bahati yangu, maana ufuoni nilikuta wazee wawili wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na kijana, wamesimama wananingoja kwa adabu kabisa. "Hiyo umeipata wapi?" Nikatoa karatasi yangu kwenye plastiki. Mzee mmoja akaisoma, akampa mwenzake, mwenzake akaisoma, akamrudishia, hawakucheka, na bora wangecheka. Wakapiga simu, maofisa wakaja, bunduki ikaenda. Nilipoambiwa nivue na suti niende nikaandikishe maelezo, haivuki! Jasho limenata ndani, zipu iko mgongoni, navuta mkono mmoja mwengine warudi. Muuza madafu ndie aliekuja kunivuta, mguu wake kwenye kiuno changu, na mie nachomoka kidogo kidogo kama ndizi mbichi inayokataa kumenywa, watoto wa madrasa wamezunguka. Kuna mtu alirekodi. Ukiiona hiyo video, si mie, ni mtu anaefanana na mie.

Yaliyofata huko ofisini siyaandiki hapa. Jua tu kwamba sikulala ndani, lakini nililipa, na nikimaliza hesabu ile bunduki ilikuwa ndio kitu rahisi kuliko vyote.

Kumpigia muuzaji: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Ukurasa umefungwa. Siku nyingi baadae binamu yangu wa Ukunda akanitumia tangazo, jina jipya, picha zile zile, kolekole wale wale, na maneno "leseni imo ndani ya bei". Mpaka leo nikiona neno mkuu kwenye mesenji damu yachemka. Na hao wa YouTube nao siwaachi. Nilikesha naangalia video za Afrika Kusini, jamaa anazama, anapiga, anapika ufuoni, raha mustarehe. Kwao kuna kibali na ni halali, hawajadanganya mtu. Lakini huku nyumbani kuna vijana wanazitafsiri vipande vipande, wanaweka muziki, wanakwambia "pwani yetu iko wazi, ni wewe tu na pumzi zako". Iko wazi kwa nani? Uliza Kuruwitu hapo Kilifi, wanakijiji wenyewe walifunga kipande chao cha bahari tangu 2005 samaki warudi, halafu wewe uje na mapezi marefu useme iko wazi.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja na nitakusumbua nayo mpaka uiote: BMU KWANZA, PESA BAADAE. Kila bandari ya wavuvi ina kikundi chake cha BMU, ndio wanaojua kipande chao cha bahari mwisho ni wapi, zana gani zakubalika, nani anatoa leseni gani na ofisi iko wapi. Enda asubuhi wavuvi wanaporudi, mikono mitupu, bila begi, bila miwani ya jua. Amkia. Nunua samaki wa mtu hata kilo moja. Halafu uliza: "Wazee, mie nataka kujifunza, hapa kwenu nivue na nini na niende na nani?" Swali hilo halina ada. Mie lilinigharimu 64,000 na ziada kwa sababu niliona aibu kuwauliza watu wasiokuwa na ukurasa wa intaneti.

Na mtu wa kwanza alienijibu vizuri nilimpata baada ya hayo yote, upande wa Likoni. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, wataka nini?" Nikamwambia nataka kuwinda. Akaniangalia viatu. Akanambia bamvua ijayo njoo na raba, na fimbo nitakupa mie.

Pweza, ndugu yangu. Huo ndio uwindaji wenyewe na hauna bunduki. Bamvua ndio pale maji yanapotoka sana, mwezi mpevu ama mwezi mwandamo, mwamba wabaki wazi na wewe watembea juu yake. Mwanzo nilipita juu ya mapango sioni kitu, mzee nyuma yangu anaokota. Kumbe hutafuti pweza, watafuta taka zake. Mlangoni kwake utakuta maganda ya kaa, vipande vya kombe vimelala juu juu, safi, havijaota mwani, na vijiwe amevivuta karibu kujifungia. Jiwe linalokuangalia kwa jicho ndio mwenyewe. Wamchokoza kwa kijiti chembamba, anakishika, humvuti kwa nguvu, wamwacha akipende kile kijiti, mkono wa pili una chuma chenye ndoano. Na mkono wako mtupu usiutie shimoni hata siku moja, maana mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, nae hukaa mashimo hayo hayo na yeye hana mzaha. Mawe usiyavunje kumtafuta, ukivunja nyumba mwakani hakuna atakaehamia. Mdogo chini ya nusu kilo mzee alinikataza, na jike aliejifungia na mayai hatoki na hali kitu mpaka yaanguliwe, halafu anakufa mwenyewe, huyo umwache amalize kazi yake. Pate huko Lamu wanafunga kabisa sehemu zao za pweza kwa muda halafu wanafungua, na ni kina mama walioliongoza hilo.

Lakini angalia maji. Halmashauri ya bandari hutoa jedwali la maji la Kilindini kila mwaka, litafute, ujue saa ya kupwa, na kumbuka kesho yake saa hiyo yasogea mbele karibu dakika hamsini. Ingia maji yakiwa bado yanatoka, na yakianza kurudi tu, geuka. Usingoje yakufike magotini pale ulipo, kwa sababu ule mkondo uliouvuka ukija ndio unaojaa mwanzo, nyuma yako, wewe huku umeinama wasema yule mmoja wa mwisho. Nimemuona mtu mzima akipiga mayowe hapo, na alikuwa ana pweza saba, aliwatupa wote ili aogelee.

Wangapi utapata? Mwanzo labda hupati. Wangu wa kwanza alinipiga wino shati zima na mke wangu akauliza kama nimeenda kupaka rangi boti. Ukimpata, mpige kwenye jiwe mpaka alainike, usimwonee huruma, halafu tui zito.

Kuhusu pumzi wacha waliojibu juu waendelee, ila usizame peke yako na usivutevute pumzi nyingi kabla ya kuzama, watu huzimia majini bila dalili hapo hapo karibu na juu. Mahali pazuri sikutajii, watakutajia BMU. Samaki rahisi nishakwambia, na si samaki. Ulikuwa umeuliza na kitu cha mapezi, marefu ama mafupi... sijui bwana, yangu yaliondoka pamoja na bunduki. Siku hizi navaa raba za shule za kijana wangu aliemaliza form four, zanibana kidogo kidole gumba lakini mwamba hauingii.