Kabla hamjamfukuza wakili wa kaka yako, soma hapa

Mkuu, umesema kaka yako yuko mahabusu gereza la Karanga, Moshi, kwa kesi ya wizi, imeahirishwa mara ya tano, wakili "hasemi kitu mahakamani" na ukoo unataka kumbadilisha. Subirini kidogo. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa duka la jumla hapa Arusha, nikashtakiwa kwa wizi wa mtumishi. Nilipitia mawakili wawili: nilimpenda aliyetaka kunizamisha, nikamchukia aliyenitoa.

Wa kwanza alikuwa na suti na sauti. Akisimama, ndugu zangu kwenye benchi wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Nje ananiambia, "Hakimu tunajuana, usiwaze." Hapo ndipo ningeshtuka, maana mtu anayekuuzia kujuana hajasoma jalada lako. Gerezani Kisongo, nilikokuwa mahabusu, hakuja hata siku moja, tulionana kizimbani tu. Siku ya usikilizwaji wa awali, mwendesha mashtaka akasoma kwamba funguo za stoo nilikuwa nazo mimi peke yangu. Wakili wangu akasema hilo hatulipingi! Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule: "Mheshimiwa, funguo ni seti mbili, nyingine anayo mpwa wa bosi." Watu wanaidharau siku ile kwa sababu haina mashahidi. Lakini mkikubalicho pale kinaandikwa, mshtakiwa na wakili wake wanasaini, na upande wa mashtaka hauhitaji tena kukithibitisha.

Wa pili alikuwa mama mmoja mkimya. Alikuja gerezani akaniuliza mpaka nikahisi yeye ndiye mpelelezi. Ulikamatwa saa ngapi? Maelezo ya onyo, yaani yale uliyotoa mwenyewe polisi, yaliandikwa saa ngapi? (Sheria inawapa polisi saa 4 tangu kukukamata, labda muda uongezwe.) Ulisomewa kabla ya kusaini? Walipopekua, shahidi huru alikuwa nani? Kisha akaniambia waziwazi kwamba vitabu vyangu vya stoo vinaniumiza. Nililala na hasira.

Mahakamani, yule mama alimuuliza shahidi mkuu wa mashtaka maswali manne tu. Dada yangu akalia, akijua hela imeliwa. Matatu kati ya hayo yalikuwa ya ile seti ya pili ya funguo, na shahidi akajichanganya. Baadaye ndipo nilipoelewa: jambo zito usipomhoji shahidi, mahakama inaweza kuchukulia umelikubali. Ila akishajichanganya, kuendelea kumbana ni kumpa nafasi ya kujirekebisha. Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi, hakimu akasema sina kesi ya kujibu, yaani ushahidi wao haukutosha hata nianze kujitetea, nikaachiwa.

Sasa kwenu. Kuahirishwa kwa sababu "upelelezi haujakamilika" si kosa la wakili, hata angekuwa nani. Mbaneni kwenye dhamana. Kosa lina dhamana? Aliiomba? Kama masharti yamewashinda, ameomba yalegezwe? Muulizeni pia kama ana nakala ya maelezo ya mlalamikaji, maana mshtakiwa ana haki ya kupewa. Akianza kung'aka kwa maswali hayo, hapo nami nitaungana na ukoo.

Jina lake liangalieni kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, dakika mbili tu. Vishoka, yaani mawakili feki, wapo, na wanavaa vizuri kuliko mawakili.

Risiti mdai. Na mkubaliane mapema kama malipo yanahusu rufaa, kwa sababu akitiwa hatiani mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 10, na siku hizo familia huwa bado inalia. Mkiamua kweli kubadilisha, badilisheni kabla mashahidi hawajaanza, mchukue na karatasi zote.

Lakini kwanza nenda Karanga siku ya kutembelea, umuulize kaka mwenyewe: wakili amekuuliza nini mpaka leo? Jibu lake lilete hapa tuendelee.