Bustani ya viroba na kuku wa uani: kosa lipi linavumilika?

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi nyumba ya kupanga hapa Chikongola, Mtwara, na uani kwetu nafasi niliyo nayo haizidi ya kutandika mikeka miwili. Mwaka huu niliamua kujifunza mwenyewe kulima mboga na kufuga kuku wa kienyeji. Nilijaza viroba vinne mchanga na samadi ya kuku niliyoitoa bandani asubuhi ileile, nikasia mchicha. Uliota vizuri, kisha majani yakaungua kingoni na miche yote ikafa. Nikarudia kwa matembele, nayo yale niliyopanda ubavuni mwa viroba, sehemu ya chini, yakanyauka ingawa namwagilia kila jioni. Halafu mwezi Agosti kuku 9 kati ya 11 walikufa ndani ya siku tano, wakiharisha kijani, wengine wakipinda shingo. Mume wangu anasema niache mpaka nipate mafunzo. Je, mambo haya yanajifunzika kwa kujaribu na kukosea? – Mama Watatu, Chikongola

JAWABU: Mama Watatu, pole sana kwa kuku wako. Yanajifunzika, na kwa bustani nakusihi usiache; lakini kwa kuku mume wako ana hoja, kwa sababu makosa hayalingani uzito. Kiroba cha mchicha kikiharibika umepoteza mbegu za shilingi chache na wiki tatu za kungoja, na kiroba chenyewe kinabaki kukuonyesha sababu, ilhali ugonjwa wa kuku humaliza banda zima kabla hujapata nafasi ya kujifunza lolote.

Tuanze na mchicha. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe au mbuzi, na ikiwa mbichi huunguza mizizi ya miche michanga. Irundike kivulini pamoja na majani makavu, inyunyizie maji, ifunike, na uigeuze kila wiki kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Usitegemee kalenda peke yake: chomeka kijiti katikati ya rundo, kiache kidogo, kisha kichomoe na ukishike. Kikiwa na joto, au rundo likikuchoma puani, bado. Likipoa na kunukia kama udongo ulionyeshewa, liko tayari. Ukianza mwezi huu wa Septemba, utakuwa na samadi iliyoiva mvua zetu zitakapoanza kati ya Novemba na Desemba.

Kuhusu matembele, nina hakika karibu kabisa kwamba maji hayafiki chini. Kiroba changu cha kwanza kilinyausha mboga vivyo hivyo, na nilipokipasua kwa kisu nikakuta udongo wa juu umelowa kiasi cha vidole vinne, na chini yake mchanga mkavu uliomwagika miguuni kama chumvi. Dawa yake ni nguzo ya kokoto katikati ya kiroba: chukua kopo kubwa lililotolewa kitako, lisimamishe katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, kisha livute juu na urudie mpaka kiroba kijae. Maji utakayomimina juu ya kokoto yatashuka hadi chini na kusambaa pembeni. Tengeneza kiroba kimoja chenye nguzo na kingine kisicho nayo, kwa udongo uleule na siku ileile, uandike katika daftari unachokiona. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua kilichokufaa ni kipi.

Hujasema viroba ulivitoa wapi. Huku kwetu kwenye mikorosho mifuko ya salfa, ile dawa ya unga inayopuliziwa miti hiyo, imezagaa kila mahali, na tafadhali usiitumie, wala chupa zilizowahi kuwekwa viuatilifu usizifanye za kumwagilia. Hapo si mahali pa kujaribu. Vilevile, kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, utaona utando mweupe wa chumvi uliokauka juu ya udongo. Tumia ya bomba, au yale uliyooshea mchele na mboga.

Sasa kuku. Dalili ulizozitaja zinafanana sana na za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, nacho hakina tiba, kina chanjo tu. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima tu, maana aliyekwisha kuugua haimsaidii. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi na kikifunguliwa hakikai muda mrefu, kwa hiyo kubalianeni majirani wa mtaa mchange fedha na mchanje siku moja. Nawe utanufaika zaidi, kwa kuwa kuku wa jirani asiyechanjwa huvuka hadi uani kwako. Kwa sasa usinunue wengine. Mwite afisa mifugo wa kata awaone wale wawili waliosalia, safisha banda kwa sabuni na uliache wazi lipigwe jua, na mizoga ikitokea tena ifukie chini sana. Kuku wapya watakapokuja, mwulize afisa huyohuyo siku ya kuwachanja, watenge wiki mbili kabla ya kuwachanganya, na uandike kwa chaki mlangoni mwa banda tarehe ya chanjo inayofuata.