Umepewa apoimenti ya mwanasaikolojia? Ngoja nikwambie yaliyonikuta mimi

Juzi kuna mdogo wangu mmoja wa Nyegezi, hapahapa Mwanza, kanitumia meseji, kaka wiki ijayo naanza kwenda kwa mwanasaikolojia, hivi wananilaza kwenye kile kitanda cha kwenye muvi? Nikacheka, halafu nikakumbuka mi mwenyewe siku ya kwanza nilivaa shati la kanisani na nikabeba majibu ya vipimo kwenye bahasha ya kaki kama naenda kuomba kazi. Basi naandika hapa mara moja tu, maana najua wengi mnaonisoma ni wapambanaji kama mimi, biashara mnataka ikue, na kichwa ndo kinaanza kuwazingua kimyakimya.

Mi nauza dagaa. Nanunua visiwani, nashusha Mwaloni pale Kirumba, wateja wangu wengi wanapeleka Kongo. Mwaka juzi mvua ilinikuta mzigo mzima uko mchangani umeanikwa, ukaoza, na nusu ya hela ilikuwa ya mkopo. Sitaki kuirudia sana hiyo. Kilichofuata ndo habari yenyewe, saa nane usiku moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi haitoshi, najua kabisa leo ndo leo. Nimepimwa moyo mara tatu, zote naambiwa uko safi. Ile ya tatu daktari akavua miwani akaniuliza, "Unalala lakini?" Nikashindwa kujibu. Akaniandikia karatasi ya kwenda kwa mwanasaikolojia.

Nyumbani ikawa kesi. Mjomba akasema mbele za watu, tena msibani, "Huyu bado Mirembe tu," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Watu wakacheka. Sijamjibu mpaka leo, na mjomba kama unasoma hapa, ile laki mbili nilikukopesha nikiwa chizi hivyohivyo.

Haya, siku ya kwanza. Kitanda hakuna. Viti viwili, meza ndogo, boksi la tishu, na saa ya ukutani iko nyuma ya kichwa changu, anaiona yeye tu. Dada mwenyewe mdogo kwangu, nikajisemea huyu ataniambia nini. Akaniambia tuna dakika 50, na tunayoongea yanabaki humu ndani, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo itabidi awahusishe wengine. Halafu akanipa fomu ya maswali 9, wiki mbili zilizopita umesumbuliwa kiasi gani na usingizi, kukosa hamu ya kula, kujiona umefeli, na la mwisho linauliza kuhusu kuwaza kufa. Kila swali unaweka namba kuanzia 0 mpaka 3. Mi mfanyabiashara, nikaanza kushusha namba kama najaza makadirio ya kodi. Usifanye hivyo. Fomu utaidanganya, saa nane ya usiku huidanganyi.

Nikamwaga yote, nikanyamaza nisubiri ushauri. Hakutoa! Akauliza tu, "Na ulivyoona wingu limetanda, ulifanyaje?" Nikatoka nimenuna, yaani nimelipa hela yangu kuja kuulizwa maswali. Wengi wanaishia hapo, na nawaambia msiishie hapo, mara ya kwanza na ya pili mnajuana tu. Ya tatu nililia, nikatoka mbaya kuliko nilivyoingia, nikapanda daladala nishuke Buzuruga nikajikuta Igoma. Ni kawaida, usishtuke. Na usitegemee vidonge, vile anaandika daktari, na kama ulishaanzishiwa usiache bila kumwambia.

Halafu kuna homuweki. Kila moyo ukienda mbio niandike saa ngapi, niko wapi, nimewaza nini, nikafanya nini. Nikachukua kaunta buku yangu ya madeni nikaigeuza, mbele wadaiwa, nyuma mimi. Baada ya miezi miwili tukaifungua pamoja, akanyoosha peni, mbona hapa tarehe zimejazana halafu hapa hamna kitu? Nikaangalia. Mbalamwezi. Wa huku ziwani mnajua, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapaki, watu wanarudi kwao. Nilivyomsimulia mama akasema si nilikwambia hilo jini la mwezi. Mtaalamu yeye akauliza, "Siku hizo huwa unafanya nini?" Sifanyi kitu, nikamwambia. Nakaa kibarazani na hilihili daftari, napiga hesabu za madeni mpaka saa saba usiku. Tukanyamaza wote wawili. Siku za giza niko mwaloni nagombana na wabeba mizigo, nafasi ya kuogopa naipatia wapi.

Kwa hiyo mdogo wangu nenda, na usidanganye fomu, nimeshasema. Bei uliza mapema. Mkiwa hamuendani badilisha mtu, hujafunga naye ndoa. Na nyie wengine, hasa wanaume wenzangu, injini ya mtumbwi ikigonga mnaita fundi siku hiyohiyo, moyo ukigonga mnaumwagia pombe, halafu mnajiita majembe. Majembe gani hayo? Mi nilienda mara 12 na sioni aibu, anayetaka kucheka acheke, mjomba ameshafungua njia.

Sijasema nimepona. Mwezi uliopita ulinienda mbio mara mbili, zote nimeandika. Mbalamwezi inaanza Alhamisi, nimeshanunua ndoo mbili za rangi na fundi kaniahidi atakuja, tunapaka stoo.